Mifuko ya Koti la Idd

Tangu alfajiri Habsa hakutulia. Alikaa kwenye cherehani, akainuka, akafagia duka lililokwisha kufagiwa, akakaa tena, akainuka tena. Kesho Jecinta Gatakaa, mwandalizi wa maonyesho ya mavazi, angefika na gari kutoka Nairobi kuchukua nguo zote za maonyesho ya mwaka wa sabini na nane, zikaonyeshwe upya huko mjini, na jina la Habsa liandikwe mlangoni pa ukumbi kwa herufi kubwa. Nguo zilikuwa zimetundikwa ukutani, zote isipokuwa moja. Na hiyo moja ndiyo Jecinta aliyoitaka kuliko zote.

Maonyesho yale Isiolo haijayasahau. Malori mawili ya baba yake, Mzee Roble, yalirudishwa kinyumenyume mpaka yakakaribia kugusana, mbao za nyuma zikateremshwa, likapatikana jukwaa refu kando ya soko. Juu yake wakapita vijana wa mtaani, wauza miraa na makuli, wamevaa suruali za turubai na makoti ya magunia yenye mifuko mikubwa ya khaki mabegani na magotini. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wiki iliyofuata wao wenyewe wakaja kuagiza. Mwisho kabisa akatoka Hirsi, kaka yake Habsa, ndani ya koti fupi la khaki nzito, kiuno kimebanwa, vifungo vya shaba vinang'aa. Miluzi ikapigwa. Mwenye malori akainuka kitini akaenda zake.

Lilikuwa koti la babu. Nyumba nyingi za wajukuu wa askari wa zamani zilikuwa na koti la namna hiyo, refu kupita magoti, alilorudi nalo mzee kutoka jeshini. Mwaka mzima kazi yake ni kulala sandukuni. Asubuhi ya Idd linatolewa, linakung'utwa, vifungo vinasuguliwa kwa majivu na ndimu, na mtoto mkubwa wa kiume wa huyo mzee analivaa kwenda uwanjani kusali, jua liwake lisiwake. Habsa alilichomoa kimyakimya siku chache kabla ya Idd. Yeye aliona kitambaa kizuri kinachooza bure, basi akatia mkasi.

Idd ile Mzee Roble alisali na shati, safu ya nyuma kabisa. Koti alilichukua akalifungia. Baba na binti waliendelea kuulizana habari za chai na za malori, lakini koti halikutajwa tena. Miaka ikapita hivyo.

Adhuhuri Habsa alishindwa kuvumilia. Akavuka barabara hadi nyumbani kwa baba yake.

"Salaam aleikum, Aabo."

"Waleikum salaam. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa." Hakuwa amekunywa kitu. "Aabo, yule mama wa Nairobi anakuja kesho. Anataka ile koti."

"Koti gani?"

"Ya babu."

"Kama ni ya babu, basi si ya mama wa Nairobi."

Binti mwingine angeinamisha kichwa aondoke. Huyu alikuwa na mdomo. "Aabo, hiyo koti ndiyo ilinipea jina! Bila hiyo, zingine ni matambara tu. Nipee wiki mbili, nitairudisha."

"Wiki mbili? Na Idd ni keshokutwa?"

"Lakini wewe huvai!"

Mzee Roble alimtazama sana. Kisha akatoa ufunguo, akafungua sanduku la bati.

Koti halikuwa lile alilolishona Habsa. Kiuno kilikuwa kimefumuliwa. Chini limeunganishwa kipande cha blanketi kuukuu, kwa sindano ya turubai na uzi wa turubai, mishono minene kama ya kufunga gunia la mahindi.

"Ulishona wewe, Aabo?"

"Nani mwingine? Nipeleke kwa fundi aniulize nani alikata?" Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, na koti likakwama kwenye viwiko. Akasimama hivyo, mabawa nyuma, mzee mzima. "Kila mwaka najaribu. Kwa kwapa ndiyo inakataa. Sijui kile kitambaa ulitoa ulipeleka wapi."

Habsa alijua. Hakutupa hata upana wa kidole. Kitambaa chote kilikuwa dukani, mabegani na magotini mwa nguo zilizotundikwa. Ile mifuko ya khaki iliyomtoa kimasomaso ilikuwa makwapa na mapindo ya koti la babu yake.

Aibu ilimshika, na kwa aibu akakasirika. "Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Habsa akamsogelea. Alimvua koti taratibu, akatoka nalo.

Dukani alizunguka na wembe mkononi kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mifuko ikitoka, maonyesho yamekufa. Si afadhali Jecinta azionyeshe kwanza, kisha zifumuliwe? Idd nyingine ipo, akajiambia. Akakumbuka viwiko vya baba yake vilivyokwama, na jinsi mabega yalivyopungua. Alikaa, akainuka, akakaa. Halafu akaanza na mfuko wa kwanza, huku akilia waziwazi, maana kazi ile ilikuwa nzuri na aliipenda.

Kesho yake Jecinta aliingia dukani akasimama mbele ya ukuta, mabaka ya rangi isiyopauka yakimtazama mahali palipokuwa na mifuko.

"Habsa, umefanyia nguo nini?"

"Nilikuwa na deni la kitambaa, dada. Nimerudisha."

Jecinta aliondoka na gari tupu. Jina la Habsa halikuandikwa mlangoni Nairobi, na lilimuuma, tusidanganyane.

Asubuhi ya Idd Mzee Roble alipita uwanjani katikati ya safu, vifungo vinawaka, jasho linamtoka, akaenda kusimama mbele. Sala ilipokwisha, mzee mwenzake Umuro alimshika mkono wa koti akaupapasa mshono.

"Roble! Hii si iliharibika? Nani amekushonea?"

Wanawake upande wao wakageuka kusikiliza. Habsa alitamani ardhi immeze.

"Msichana yangu," Mzee Roble akasema kwa sauti ya kuita utingo. "Yeye ndiye aliikata, na yeye ndiye ameshona." Akanyoosha mikono yote miwili juu, mpaka mwisho, wote wakaona.