Mti wa Miiba Kwenye Uwanja wa Masista

Alhamisi, saa nne asubuhi, birika likianza kuvuma, Attracta Looby alisimama dirishani jikoni kwake na kuliinua jani la mti wa miiba lielekee mwanga. Ndivyo wafanyavyo watu wa kazi hii ya kutafuta wadudu. Kuna nondo mmoja, kipepeo wa usiku, mdogo mno, ukimweka kwenye kucha ya kidole cha mwisho atabaki na nafasi ya kujigeuza. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula huku anasogea, na nyuma anaacha kijinjia cha rangi ya chai. Ukitaka kujua kama bado yumo, unaliinua jani dirishani. Attracta aliinua, akaweka lenzi jichoni, na mwisho wa kijinjia akaona mtoto mchanga amelala, mdogo kama punje ya ufuta, kidole gumba kinywani.

Akazima birika. Akamimina chai, akatia maziwa, kisha akampigia simu Senan Delahunt.

Senan alikuwa daktari wa ng'ombe kabla ya kustaafu, na sasa ndiye mtunza orodha ya nondo wa kaunti yetu. Kwetu hakuna nondo anayehesabiwa kuwa ameishi mpaka Senan akubali. Ana mdomo mchafu na moyo safi, na watu wengi huishia kwenye mdomo. Attracta, aliyefua mashuka ya hospitali maisha yake yote, ndiye peke yake anayemjibu.

"Leta jani, usiniletee hadithi," alisema Senan.

"Njoo wewe. Goti langu leo limegoma."

Alikuja. Alitazama mpaka chai yake ikapoa, halafu akavua kofia.

"Huyu si mdudu, Attracta."

"Kwani mimi kipofu? Nilizaa mmoja, nawajua."

"Ulilichuma wapi?"

"Uwanja wa masista."

Senan akavuta kiti, akakaa.

Sisi wa Drumaskey hatuhitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Nyumba ya masista, walimofichwa wasichana waliopata mimba bila waume, ilibomolewa zamani. Kilichobaki ni uwanja, na katikati mti mmoja wa miiba. Mti wa miiba uliosimama peke yake haukatwi kwetu. Una wenyewe wasioonekana, na wenyewe hawachezewi. Tena tangu enzi za mababu ni chini ya miti ya namna hiyo walipolazwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, bila jiwe wala sala, kwa kuwa makaburi ya kanisa hayakuwapokea. Kila mtu alijua. Aibu yetu ni hiyo, kwamba tulijua na tukanywa chai.

Attracta aliingizwa katika nyumba hiyo akiwa na miaka kumi na saba, theluji ikiwa imefika magotini. Alizaa mtoto wa kiume, akamwita Malachy. Sikio lake la kushoto lilijikunja juu, sawasawa na la babu yake. Aliishi siku moja na nusu, na padri hakuweza kufika kwa sababu ya theluji. Sista mmoja akamviringisha kwenye foronya, akatoka naye. Attracta alipouliza anapelekwa wapi, aliambiwa arudi kwenye kufua. Malachy hakuandikwa alipozaliwa, hakuandikwa alipokufa. Kwa miaka hamsini na mitatu mama yake ameomba jambo moja tu, jina lake liandikwe mahali fulani, popote, na mtu mwenye kalamu.

Walikwenda kwenye mti, yeye na Senan, na kiti cha jikoni cha kupandia. Walikagua jani baada ya jani kwa siku tatu. Mengi yalikuwa na viwavi wa kawaida. Katika majani sitini na moja mlikuwa na watoto. Siku ya tatu, kwenye tawi la chini upande wa kusini, Attracta aliona sikio lililojikunja.

Alilia. Alilia kwa sauti, mkono umeshika tawi, miiba inamchoma naye hana habari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Senan akajifanya anafuta lenzi, akaifuta mpaka basi.

"Nikilichuma, atatoka?" aliuliza Attracta.

"Watoto siwajui. Viwavi hawa ukiwapasulia jani wanakufa. Hubaki humohumo, jani linaanguka nao, wanalala chini kipindi chote cha baridi."

"Basi simchumi."

Wakajaza fomu mbili, maana ndiyo kawaida, kila kiumbe na fomu yake. Ya kwanza ilikuwa ya nondo. Ya pili ilikuwa ya Malachy Looby, mvulana, mti wa miiba, tawi la kusini. Chini ya zote mbili, penye nafasi ya mhakiki, Senan aliandika kwamba ameona kwa macho yake, akatia sahihi, akazituma kwenye ofisi ya orodha ya taifa, Dublin.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Nondo alikubaliwa kwa shukrani nyingi. Alikuwa hajaonekana katika kaunti yetu kwa miaka tisini. Waliongeza kwamba si lazima nondo mwenyewe aonekane, kwani kijinjia chake kwenye jani, hata kikiwa kitupu, ni ushahidi wa kutosha. Kuhusu fomu ya pili, walisikitika. Jina hilo halimo kwenye orodha ya taifa. Walimwomba Senan atume kielelezo.

"Wanataka mwili," alisema Senan.

"Mwili si wanao wao?" alisema Attracta. "Mimi nilinyang'anywa."

Halmashauri ilikuwa imekwisha kupanga kuugeuza uwanja kuwa maegesho ya magari, kwa hiyo karani wa mipango, Noreen Hackett, alikuja kuutazama mti wakati wake wa chakula cha mchana, mkate mkononi. Noreen si mtu mbaya; mama yake tulisali naye. Alipanda kiti, akatazama tawi la kusini, akashuka taratibu.

"Ni mtoto, sibishi," alisema. "Kalala vizuri, maskini. Ila Bi Attracta, asiyeandikwa kuzaliwa hawezi kuandikwa kufa. Asiyeandikwa kufa hana kaburi. Na pasipo kaburi mimi sina cha kuizuia lami."

"Na nondo?"

"Aa, nondo ana barua ya Dublin. Mti hauguswi."

"Mwandike basi hata kwa penseli, mwanangu."

Noreen alitafuta kwenye mkoba wake muda mrefu kuliko mkoba ulivyohitaji. "Sina kitabu cha kumwandika," alisema, na machozi yalikuwa karibu. Akamalizia mkate wake ndani ya gari.

Tingatinga lilikuja Jumatatu. Dereva wake, Dinny Tuohy, alisema barua au hakuna barua, ule mti yeye asingeugusa ng'o, ana wanawe nyumbani na hataki ugomvi na wenyewe. Alichimba pande zote nne kwa adabu kubwa. Lami ikamwagwa mpaka kwenye shina, ikaachwa duara ya udongo kama sinia. Wakasimamisha kibao chenye jina la nondo kwa Kilatini, refu kuliko nondo, na chini yake jina la aliyemwona, A. Looby. Alipigwa picha hapo kwa gazeti. Hakucheka.

Novemba majani yalianza kuanguka, na nje ya ile duara hayakuwa na udongo wa kuangukia. Yalianguka juu ya magari. Attracta alikwenda kila asubuhi na beseni na aproni, akipita kati ya magari, akiyabandua majani kwenye vioo ili akayalaze chini ya ua wa miti nyuma ya nyumba yake. Usiku mmoja upepo ulivuma, na kesho yake tawi la kusini lilikuwa tupu. Hakujua tena lipi ni la Malachy, basi akawa anaokota yote. Halmashauri ilimwonea huruma, ikampa kibali cha kuegesha bure, ingawa hana gari.

Watu walimzoea. Ijumaa moja ya mvua bwana mmoja alikuwa amekwisha kuwasha gari alipomwona amesimama mbele ya kioo chake, mkono umeinuliwa. Akashusha dirisha.

"Kuna nini, mama? Nina haraka."

"Mtoto."

Bwana yule akainama kwenye usukani, akatazama jani lililonata upande wa pili wa kioo. Mbingu ilikuwa nyeupe nyuma yake, na ndani ya jani mtoto alionekana wazi.

"Eh. Kweli," alisema. "Wa nani?"

"Huyu simjui. Wa mtu."

Alingoja mpaka Attracta alipolibandua kwa kucha, polepole, na kulilaza kwenye beseni pamoja na mengine. Attracta akamshukuru. Kisha bwana yule akawasha waipa za kioo, maana kulikuwa na majani mengine mawili juu kwenye kona, na yeye alikuwa amechelewa kazini.