Rangi ya Ndani ya Gari la Marehemu

Gereji nzima ilimwita Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Likiletwa gari kuukuu lililofubaa, alifungua kisanduku cha dashibodi, akachungulia nyuma ya kifuniko ambako jua halijawahi kufika, akaikuta rangi ya kiwandani kama ilivyotoka. Kisha alikaa na makopo yake, tone la hii, chembe ya ile, mpaka mpya na ya zamani zikilala pamoja usijue ipi mama, ipi mtoto.

Sharti lake lilikuwa moja: rangi iliyochanganywa lazima ilale. Jioni alifunika kopo, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda zake. Kupuliza ni asubuhi. Aliyebaki kufunga mlango ni shemeji yake, fundi wa viti, mdogo wa mkewe. Wawili hao walitaniana tangu siku ya posa. Fundi wa viti alidai dada yake alikubali kwa sababu siku ile taa zilikuwa zimezimika. Jicho alimjibu kwamba mtu anayeshinda amekalia viti vya wenzake hana la kusema.

Ndipo likaja gari la mjane mmoja. Mumewe alilinunua jipya, akaliendesha mpaka mikono ikamshinda. Mjane hakujali nje. Alitaka ndani, vyuma vya milango na dashibodi, pawe kama siku aliyopandishwa mara ya kwanza: samawati tulivu kama shingo ya njiwa.

"Nikifumba macho naiona," alimwambia Jicho. "Nataka niione nikiyafumbua."

Milango ilitangulia. Jicho alichanganya, rangi ikalala, asubuhi akapuliza. Mjane alikuja kuitazama. Alipitisha kiganja juu ya chuma taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Rangi haikubaki ya kutosha dashibodi, ikabidi Jicho achanganye upya. Siku hizo fundi wa viti alikuwa amesafiri kumuuguza mwanawe. Jicho akafunga mlango mwenyewe, kesho yake akapuliza, ikakauka, akamwita mwenye gari.

Mjane aliketi upande wa abiria, upande wake wa siku zote. Alitazama mlango, akatazama dashibodi, akarudi mlangoni.

"Fundi, hii mbona ya kijani?"

Jicho aliinama dirishani. Hakuona kijani chochote. Alisema labda ni kivuli, wakalisukuma gari hadi uani, kwenye jua. Mwosha magari aliyekuwa akipita na ndoo akasimama, akauliza kama Jicho siku hizi anapaka rangi ya mchicha. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaendelea na safari yake.

Mjane hakugomba. Alisema tu kwamba mume wake hakuwahi kukaa mbele ya rangi ile, akaomba irekebishwe, akaondoka. Jicho aliona afadhali angetukanwa.

Fundi wa viti aliporejea alimkuta shemeji yake ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma. Aliitazama dashibodi, akauweka mkoba wake chini polepole. Hakuuliza kumetokea nini. Kule kutouliza ndiko kulikomfungua Jicho.

"Shemeji, ile ya milango uliigusa?"

"Niliongeza bluu. Kidogo."

"Na lile gari la daktari?"

"Na lile."

Jicho akataja jingine, na jingine, magari yote yaliyomletea sifa siku za karibuni, na kila alilotaja mwenzake aliitikia kwa kichwa. Mwishowe akaacha kutaja.

"Nani alikutuma?"

"Dada. Alikuagiza kitambaa cha bluu, ukamletea cha kijani, ukaapa ni bluu. Akakishona, akakivaa. Akasema nyumbani atanyamaza yeye, na huku ninyamaze mimi."

Jicho alilikumbuka gauni. Alikuwa akilisifia kila mkewe alipolivaa, na mkewe akishukuru.

"Mkanifanya mtoto."

"Mara ngapi alikuomba mwende hospitali? Ulisema macho ndiyo yanayokulisha, hakuna wa kuyashika. Ulitaka nifanyeje, shemeji, nikutangaze? Hapa watu wana midomo."

Jicho alishuka kutoka kiti cha nyuma. Alichukua msasa, akaisugua dashibodi peke yake mpaka chuma kikawa kitupu, akimkataza mwenzake kumsaidia. Halafu akafungua makopo, akavuta kigoda cha pili.

"Kaa. Sema."

Akadondosha bluu, akakoroga, akapaka kwenye kibati cha kujaribia, wakasubiri kikauke, wakakiweka karibu na rangi ya kiwandani nyuma ya kifuniko cha kisanduku.

"Bado," alisema fundi wa viti. Tone jingine. "Bado." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Hapo. Imekaa."

Jicho akakiinua kibati hicho pamoja na kile alichokipaka siku ya kosa, akatoka navyo mlangoni kwenye mwanga. Alivisogeza karibu, akavipeleka mbali, akavibadilisha mikono. Kwake vilikuwa sawasawa. Akarudi ndani, akamnyooshea shemeji yake vyote viwili, akamwomba amwonyeshe kipi ndicho sahihi. Akaonyeshwa cha kushoto.

Basi, bila kuilaza rangi, akajaza pistoli ya kupulizia, akaanza kupuliza.