Karoti za Bwana Sadoki

Mwaka wa tisini na saba soko huria lilikuwa limeshika kasi Arusha, na kila muuzaji alijiita mtaalamu. Sadoki wa Njiro, mhasibu wa shirika moja la wafadhili, alialikwa semina ya afya hotelini. Semina alizipendea chakula cha mchana, ila siku hiyo alirudi na elimu pia.

"Mama Lengai," alimwambia mkewe Naisiae huku akiwasha sigara, "seli za mwili zinashika kutu kama bati. Moshi ndio unaozitia kutu. Karoti inaitoa."

"Si uache sigara?"

"Hujanielewa. Karoti inaitoa!"

Basi akawa anakunywa jagi la juisi ya karoti asubuhi na jingine jioni, akishushia vidonge vya karoti alivyouziwa na mtoa semina. Sigara nazo zikaongezeka. Kujikinga na kitu usichokitumia aliona ni hasara.

Haikupita miezi mingi viganja vikageuka rangi ya chungwa, pua nayo ikafuata. Ofisini wakaacha kumpa mkono. Kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji yake huko Ngaramtoni, mama mkwe Simaloi aliitikia shikamoo yake kwa mbali, kisha akamvuta bintiye pembeni.

"Mumeo ana homa ya manjano. Asiguse vikombe vyetu."

Maziwa yake yaliletwa kwenye kopo tupu la siagi.

Kesho yake Naisiae akampeleka hospitali. Daktari alimvuta kope.

"Macho meupe pe. Ini halina neno. Unakula nini?"

Sadoki akamweleza habari za seli, kutu na karoti, kwa maringo, akatoa na chupa ya vidonge.

"Mboga na matunda ni vizuri, kula," daktari alisema. "Ila hivi vidonge walipewa wavuta sigara maelfu huko Ulaya. Unajua ikawaje?"

"Kutu iliisha."

"Waliovimeza walipata kansa ya mapafu zaidi kuliko wasiovimeza."

Sadoki akaisukuma chupa mbali. "Kwa hiyo niache?"

"Uache leo hii hii!"

Akaacha. Vidonge akavimwaga chooni, mashine ya juisi akampa jirani, na kwa uchungu wa mtu aliyeponea chupuchupu akamsimulia kila mgeni jinsi karoti zilivyotaka kumuua. Alisimulia akivuta.

Viganja vilirudia rangi yake kabla ya Krismasi, na ofisini wakampongeza kwa ushupavu wa kuacha. Kikohozi kilichobaki anasema ni vumbi la Njiro.