Hosta Zilizorudi kwa Arlys Tvedt

Kila Alhamisi ya mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, Arlys Tvedt alikata jani moja moja kutoka kwenye hosta zake kumi na tatu, akayafuta vumbi na kuyapanga juu ya sahani nyeupe kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Hosta ni mmea wa majani mapana unaopenda kivuli, na katika mji wa Nordby, jimbo la Minnesota, hakuna nyumba isiyokuwa nazo upande wa kaskazini. Za Arlys zilikuwa za rangi ya dhahabu tupu. Alizilinganisha: hii ya rangi ya siagi, ile ya haradali, ile iliyochipua Mei ikiwa ya dhahabu na sasa inaingia kijani kuanzia kwenye kikonyo. Akimaliza aliandika daftarini, akayatupa majani kwenye mboji na kuosha sahani.

Hosta ya kumi na tatu haikuwahi kugeuka. Ilitoka ardhini na dhahabu yake ikabaki nayo hadi jalidi ya kwanza ya Oktoba. Arlys aliiotesha mwenyewe kwa mbegu mwaka 1975. Majira ya baridi yaliyotangulia, binti yake Kirsti, wa miaka tisa, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda, mtoto alilazwa kwenye chumba cha mawe cha makaburini kusubiri Aprili, kama wafu wote wa baridi wa huko. Wiki ya maziko Arlys alipanda mbegu mia mbili. Mia moja tisini na tisa zilitoa majani ya kijani.

Hiyo moja alitaka iitwe Kirsti. Lipo daftari la majina ya hosta la nchi nzima, na jina likishaingia humo halitoki. Lakini Arlys alijiapia kuilinganisha miaka kumi na miwili kwanza, maana hakutaka kumpa mwanawe mmea utakaokuja kubadilika rangi. Mimi nasema hilo lilikuwa kosa, na ni kosa la watu wema. Mwizi hasubiri hata kiangazi kimoja.

Mwaka wa tisa jirani yake, Delmar Quale, aliegemea uzio akaomba kipande. Delmar alikuwa mwenyekiti wa chama cha hosta cha mji, na alikuwa na kitalu kilichouza mimea kwa posta. Nordby hakuna anayemnyima jirani kipande cha mmea, na hakuna anayesema asante, kwa sababu mmea ulioshukuriwa haushiki. Arlys alichoma sepetu katikati ya shina, akaifunga nusu kwenye gazeti na kumpitishia juu ya uzio. Delmar aliichukua akaenda zake. Halikusemwa neno lolote ambalo mtu angeweza kulitolea ushahidi.

Februari 1986 jarida la chama lilifika. Ukurasa wa kwanza ulitangaza hosta mpya iliyosajiliwa, yenye dhahabu isiyogeuka, aliyeizalisha Delmar Quale, jina lake Dhahabu ya Delmar. Arlys alisoma akiwa amesimama, kisha akaoka keki ya shira, kwa kuwa huko huendi kulalamika mikono mitupu, akavuka theluji mpaka mlangoni kwa jirani.

Delmar aliipokea keki akamkaribisha kahawa. Alipoulizwa hakukana.

"Arlys, jirani yangu, wewe ulikuwa unalinganisha tu," alisema. "Miaka yote sahani, sahani. Mimi nimeandika barua moja. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Nilikuwa nataka kuiita Kirsti."

"Ungesema."

Arlys aliitazama kahawa yake. "Si neno," akasema.

Nordby, mtu akikuambia si neno, ujue neno lipo, tena kubwa. Delmar alizaliwa hapo na alilijua hilo vizuri. Alikata keki akala.

Hosta zilianza kurudi Jumanne ya tatu ya Mei. Kwanza zilikuja za kitalu cha Delmar, kumi na mbili, zimeacha vyungu vyao. Zilitembea kwa mizizi, polepole, zikapita kwenye geti la pembeni na kujipanga chini ya mti wa Arlys, pale jua la asubuhi linapofika na la mchana halifiki. Mbili zilisimama barabarani kwanza kungoja trekta lipite. Arlys alikuwa anaanika mashuka. Alimaliza kuanika, akaenda kuchukua ndoo ya maji.

Wiki iliyofuata zikaja zilizouzwa majimbo ya Wisconsin na Iowa, na mwishoni mwa Juni za Ohio, zilizofika na vumbi la barabara kuu mpaka katikati ya jani. Moja ilikuwa imeliwa upande mmoja na paa. Kila moja ilivaa shingoni kibati cha kitalu, kimechongwa Dhahabu ya Delmar. Wateja walimwandikia Delmar kwamba mashimo yao yako wazi na wanataka kujua wapande nini. Tarishi alisema ni nafuu zitembee zenyewe, kwa kuwa posta ingezivunja. Halmashauri ya mji ilimletea Arlys barua ya adabu ikimwomba asiziache zilale kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Delmar alikuja na toroli akabeba zake kumi na mbili. Kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimerudi. Alizibeba mara tatu, na mara ya nne akaja bila toroli.

"Zimekuzoea," alisema.

"Zimenijua," alisema Arlys.

Mwanzoni mwa Julai zilikuwa mia tatu na kitu. Ua wote wa Arlys ukawa wa dhahabu, na mwanga wake ukaingia jikoni hata siku za mawingu. Hapakuwa na mtu mjini asiyeelewa maana yake. Kwenye foleni ya duka walisema waziwazi kuwa hosta ni ya Arlys, kwamba mmea haukosei kwao, na kwamba Delmar amefanya vibaya. Kisha walimsalimia Delmar, wakamuuliza hali ya mgongo wake.

Chama kilikutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. LaVonne Bakke, katibu, alisoma kanuni mpaka mwisho. Jina lililosajiliwa kwanza ndilo jina. Fomu ya pingamizi iliuliza tarehe, barua na mashahidi. Haikuwa na nafasi ya mmea kurudi kwa miguu yake.

"Hakuna anayebisha kuwa ni yako, dada," LaVonne alimwambia, akimshika mkono. "Hata Delmar habishi. Si ndiyo, Delmar?"

Delmar alikubali kwa kichwa.

"Basi liandikwe jina la mtoto," alisema Arlys. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kitu mbele za watu.

Watu waliangalia vikombe vyao. LaVonne alisema daftari ni la nchi nzima, na wakianza kulifuta hawatajua pa kuishia. Ndipo mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kwamba bustani ya Arlys iingizwe kwenye ziara ya chama ya kila mwaka, iwe ndiyo mahali pa kuonea Dhahabu ya Delmar. Mikono ikanyoshwa. Nordby kura hazigawanyiki, ni aibu. Arlys naye akanyosha wake.

Mabasi mawili yalikuja Jumamosi ya mwisho ya Julai. Arlys alikuwa amepika kahawa na kuvitoa vibati vyote shingoni mwa hosta, mia tatu na kitu, kazi ya siku mbili, akavitia kwenye gunia. Wageni walitembea kwa staha kati ya mistari, wakainama, wakashika majani kwa vidole viwili na kuyapima unene. Walisema hawajaona dhahabu ya namna hiyo.

Bibi mmoja kutoka mji wa St. Cloud alibaki nyuma ya wenzake, mbele ya hosta moja. Alikuwa na miwani ya kusomea na kitabu kinene cha majina, toleo la mwaka huo.

"Mama, hii nayo yaitwaje? Haina kibati."

"Inaitwa Kirsti," alisema Arlys.

Bibi alilamba kidole, akafungua kitabu. Alipita ukurasa, akarudi, akashuka na kidole mpaka chini, akaanza tena juu. Dereva alipiga honi. Wenzake walikuwa wameshapanda.

"Mbona haimo?" aliuliza, na uso wake ulionyesha anataka kweli kuipata. "Nimeangalia mara mbili. Kirsti hakuna."

Arlys alimshikia kitabu ili bibi avae vizuri miwani yake.

"Angalia kwenye D," alimwambia.