Umbali wa Mtambo na Mtambo

Mama alisimama pale ulipokuwa mtambo wake wa kufumia, akafungua kinywa, akazungumza bila sauti. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili wa ukumbi wa kiwanda, kamera jichoni, nikihangaika na mwanga uliopenya kwenye paa lililooza. Nilimpiga picha moja, kwa kuwa alikuwa mbele yangu tu. Kisha nikarudi kwenye vyuma vyangu.

Siku hizo viwanda vilivyokufa vilikuwa vimenipagawisha. Wenzangu walipiga picha za maharusi wakapata riziki. Mimi nilipiga kutu. "Mtoto wa mfumaji, na shati limechanika," Mama alikuwa akinitania. Alipoomba tufuatane kwenye kiwanda alichokifanyia kazi ujana wake wote, nilifurahi, maana mlinzi wa lango alimheshimu na asingetufukuza.

Njiani alinieleza kuwa kelele za mitambo ile zilimeza sauti ya mtu. Wafumaji walisemezana kwa midomo na vidole. Walitaniana, wakasengenyana, wakapeana pole za misiba, msimamizi akidhani wanatafuna kitu. Mkabala na Mama alisimama shoga yake, msemaji kupita wote, waliyembandika jina la Redio. Walikuwa chanda na pete mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Mama akaondolewa, Redio akabaki, na watu hawakukawia kumwambia Mama kwamba Redio ndiye aliyemchongea. Mama hakumuuliza mwenyewe. Alinuna, na kununa huko kukazeeka pamoja naye, ingawa walinunua mkaa duka moja.

"Ulikuwa unasema na nani mle ndani?" nilimuuliza tulipotoka.

"Na mtu wangu. Wewe piga picha zako."

Sikumdadisi. Nilitaka kuwahi bomba la moshi kabla jua halijateremka. Laiti ningelikaa naye kidogo kwenye ngazi za kiwanda.

Baada ya mazishi ya Mama, Redio alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

"Sikumchongea mama yako," alisema hata chai haijapoa. "Na hakunipa nafasi ya kumwambia. Aliwahi kunitaja?"

Nikamletea ile picha. Nilimweleza mahali Mama aliposimama na upande aliokuwa akitazama. Redio aliisogeza dirishani. Midomo yake ikaanza kuigiza ile ya pichani, ikafunga, ikajaribu tena.

"Hapa amekatwa katikati ya neno," alisema. "Labda ananisamehe. Labda ananilaani. Huna nyingine, mwanangu? Ya kabla ya hii, au ya baada?"

"Nina za boriti," nilisema. "Na za madirisha. Ya Mama ni hiyo tu."

Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliniomba niishike picha kifuani, imwelekee. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, umbali wa mtambo na mtambo, akajifunga vizuri kanga yake.

Halafu akamjibu. Alisema mengi, midomo ikienda mbio, vidole vikisaidia, machozi yakimtoka asiyafute. Mimi nilisimama nimeishika picha kwa mikono miwili, na sikuelewa hata neno moja.