Toleo Jipya Halimjui Limi

"Shikamoo Baba Bujiku. Leo haifunguki," Violeth aliniambia kabla sijakaa.

Maneno ya marehemu mke wangu, Limi, yamo kwenye kompyuta ya chama chetu cha wachimbaji, chumba cha nyuma dukani kwa Hozefa, Kalangalala. Mwaka jana, tisini na nane, akiwa anaumwa, alimsimulia Violeth, binti anayechapa kazi za chama, alivyotoka Kharumwa kuja kuponda mawe, na siku tuliyokutana. Violeth akayachapa kwenye kurasa za chama. Kila nikitoka shimoni napita, ananisomea. Picha ya Limi sina. Nina hayo tu.

"Mwenyekiti kaleta toleo jipya la programu ya kurasa," Violeth akasema. "Nalo linadai programu inayoliendesha iwe mpya. Tumeweka zote mbili. Sasa kurasa za zamani halizitambui."

"Rudisheni la zamani."

Haiwezekani, akaniambia. Mwigulu, mwenyekiti wetu, alifuta disketi za toleo la zamani huko Mwanza apate pa kubebea hilo jipya.

Mwenyewe akaingia, kalamu mfukoni. "Mzee, programu ni ya bure, wanaitengeneza watu wa kujitolea huko nje. Waliandika wazi: kurasa za zamani zibadilishwe kwanza. Tuende na wakati."

"Ulisoma kabla au baada?"

Akaigusa kalamu yake mfukoni.

"Sisi tukileta pampu mpya shimoni tunauliza kwanza kama mpira wa zamani utaingia. Wewe na kalamu yako hukuuliza! Leseni ya kuchimba mmeshindwa kutupatia, mkaona bora mumzike Limi mara ya pili?"

"Ngosha," akasema, kama Wasukuma tunavyomwita mwanaume, "usinitukane mbele ya mtoto."

"Mtoto gani? Si ndiye anafanya kazi yako!"

Akatoka bila kuaga. Wakubwa ndivyo walivyo.

Violeth akafungua faili hivyo hivyo, bila programu. Kioo kikajaa alama kama kokoto zilizomwagwa, maneno yamekatika katikati. Akasoma: "Nilimkuta hana viatu, nikamwambia ngosha... Hapa ni alama tupu, baba."

"'Ngosha, mbona unagonga jiwe kama unaogopa litaumia?'" nikasema.

Akacheka, akaandika. Tukaenda hivyo, yeye anasoma, mimi naziba, mpaka mwisho, pale Limi aliposema jambo juu yangu kisha akanyamaza. Nimelisikia mara ngapi! Nikafungua mdomo. Halikuja. Nilikuwa nimeiachia kompyuta initunzie.

"Niandike nini hapa, baba?"

"Acha wazi. Mwigulu aje ajaze."