Sisi Tunaoishi Ndani ya Betri

Mkwe wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningemsema mara moja nikapumzika. Lakini ni fundi bomba hodari, mpole, hanywi, ananiita mama bila kulazimishwa na mtu. Na siku wapangaji wa jengo letu walipokutana kutafuta kitu kizito cha kuhifadhia umeme wa jua, alisimama mbele ya watu wote akaitoa nyumba yetu. Mimi nilikuwa ndani yake, nachambua maharage.

Jengo letu lina ghorofa nne na limeuzunguka ua pande zote. Katikati ya ua pana kinyumba cha vyumba viwili na jiko, kilichojengwa zamani kwa ajili ya mlinzi. Humo tunakaa watatu: binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, mumewe, na mimi. Juu ya paa la jengo pamejaa paneli za sola. Mchana umeme ulikuwa mwingi mpaka watu wakawa wanapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Jioni, kila mtu anapouhitaji, haupo. Betri za dukani zilikuwa zimeshakufa zote, na kila aliyezigusa alisema si yeye.

Ndipo mkwe wangu akaja na mpango wake. Chini ya ua kuna tangi kubwa la maji la zamani. Mchana, alisema, kompresa itashindilia hewa ndani ya tangi, hewa itasukuma maji, na maji yatainua kitu kizito kilichokaa juu yake. Jioni kitu hicho kitashuka kwa uzito wake, kisukume maji, maji yasukume hewa, hewa itoke kwa nguvu izungushe jenereta, watu wapate taa. Ni kama bomba la sindano tu. Watu wakaitikia kwa sababu kila mtu amewahi kuchomwa sindano.

Kilichokosekana ni hicho kitu kizito. Mwenyekiti wa wapangaji, mwalimu mstaafu anayependa mikutano iishe mapema, akapendekeza mawe. Mkwe wangu akasema mawe ya nini, wakati nyumba yake ina cherehani za chuma, meza ya kukatia nguo, kabati la mninga na mama mkwe. Alinitaja baada ya kabati. Watu wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa amekwenda kununua uzi, na aliporudi alikuta mafundi wanakata msingi.

Basi tukawa watu wa kupanda na kushuka. Jua likichomoza, nyumba inajivuta taratibu kutoka chini, inapita ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikifika saa ya chakula cha mchana tuko sawa na paa. Jioni watu wakiwasha taa na majiko yao, tunashuka. Jirani akichemsha maji ya kuoga, sisi tunazama kidogo. Nilijua nani ameongeza friji bila kuaga, kwa sababu nililihisi kwenye magoti. Ukipita dirishani kwa watu kila siku unaona mengi, na mimi si mtu wa kusema, lakini familia moja ya ghorofa ya pili inakula nyama mlango ukiwa umefungwa.

Wateja wa binti yangu ilibidi wapimwe njiani. Wanasimama kwenye varanda, naye anajiinamisha dirishani na utepe wake, anapima upesi kabla hatujapita. Bibi harusi mmoja alipimwa kifua ghorofa ya kwanza, akapanda ngazi mbio akapimwa kiuno ghorofa ya pili, na nyonga zake zikabaki za kukisia. Gauni lilimbana. Wateja wakaanza kupungua, na binti yangu akaanza kunyamaza. Mimi namjua huyu mtoto tangu tumboni. Akipiga kelele, lala usingizi. Akinyamaza, anza kukusanya vyombo.

Mumewe hakuona kitu. Alikuwa chini, kwenye kichumba cha mitambo, ameshika koki. Lazima mtu awe chini, ndivyo alivyosema kila alipoulizwa kwa nini yeye hapandi. Baadaye akahamishia na godoro lake huko, eti hewa ikilala bila kusikilizwa inavuja. Akawa anakuja kula tu, tena mbiombio, huku sikio moja limebaki kwenye bomba.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mchanga. Binti yangu alitoka kuoga, akaingia chumbani, akakuta mifuko miwili ya mchanga imelazwa kitandani, upande wa mumewe, imefunikwa shuka vizuri mpaka shingoni, kama mifuko ina shingo. Mumewe alikuwa amesimama nje ya dirisha anatabasamu, anangoja kusifiwa. Akaeleza kwamba kwa kuwa yeye hapandi nyumba imepungukiwa uzito, taa za jioni zinakatika mapema, basi amejipima kwenye mizani na kupima mchanga, na mifuko ile ni yeye kamili, hajapunja hata kilo.

Jua likapiga paneli, kompresa ikanguruma, tukaanza kupanda. Binti yangu alikitazama kile kitanda mpaka tukafika ghorofa ya kwanza. Kisha akatoa begi chini ya meza akaanza kutia nguo zake. Akamaliza zake akatia zangu. Hakuniuliza. Akaenda dirishani akamwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyumba ikigusa chini, naondoka. Cherehani nitazifuata baadaye."

Jengo zima lilisikia. Ua wetu unabeba sauti hata ukipiga chafya.

Nampenda binti yangu, na nilijua ana haki. Lakini nilijua pia kwamba mume wake alikuwa hajaelewa kosa lake, na mtu akiachwa kabla ya kuelewa kosa, huwa analibeba mpaka kwa mke wa pili.

Sasa ili ashuke, umeme lazima utumike. Binti yangu akawasha pasi, akawasha birika, akakaa kwenye cherehani ya mota na kuanza kushona. Hakuwa na kazi ya mtu, kwa hiyo alishona alichokikuta. Alishona shuka na pazia. Alishona pazia na kitambaa cha meza. Alishona suruali mbili za mumewe pamoja, miguuni. Nyumba ikaanza kwenda chini, kidogo kidogo, kila mshono na kipimo chake.

Mkwe wangu alipoona tunashuka ndipo akili ikamwingia, angalau nusu. Alikimbia mlango kwa mlango akiwaomba watu wazime kila kitu. Watu ni watu, wakamhurumia. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akaufunga kabla haujaanza, na jengo zima likakaa bila hata redio kwa ajili ya ndoa ya watu wawili. Aliyegoma ni nesi wa ghorofa ya tatu peke yake. Tulipompita dirishani alikuwa amewasha pasi na anaishikilia hewani, hana nguo ya kupiga. Akamwambia binti yangu, "Shona, dada, mimi nipo."

Kisha wingu likafunika jua, kompresa ikanyamaza. Nikadhani imekwisha. Kumbe mkwe wangu alikuwa ameazima pampu ya baiskeli. Akaichomeka kwenye tangi akaanza kupampu kwa mikono yake miwili, na sisi juu tukawa tunakwenda chini kidole, tunarudi juu kidole. Binti yangu anakanyaga mota, mumewe anasukuma pampu. Yeye anashona kwenda zake, yule anajaza hewa asiende. Nilimwona kutoka dirishani, shati limeloa, mdomo wazi, na nikamwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Nguvu zote zile za kumzuia mtu, na hata tone moja la kumuuliza.

Hapo ndipo nilipokosa subira. Nilitazama ile mifuko ya mchanga imelala kitandani kwa binti yangu kama ina haki ya ndoa, nikachukua mkasi. Mfuko siuwezi kuunyanyua, lakini mkasi wa fundi unakata chochote. Niliufungua wa kwanza, binti yangu akaacha cherehani akaja kunisaidia, tukaukokota mpaka dirishani tukaumwaga. Mwenyekiti alikuwa chini anapita. Tukamwaga na wa pili.

Sikuwa nimefikiria. Nyumba ikipungukiwa uzito, hewa iliyo chini haiulizi sababu. Tulirushwa. Tulimpita nesi bila kuamkiana, tukapita paa la jengo na paneli zake, tukasimama mahali ambapo mafundi hawakukusudia mtu asimame, na nyumba ikainama upande. Cherehani kubwa ikateleza mpaka ukutani. Kabati likafunguka mlango. Binti yangu akanikumbatia kwa nguvu, mtoto mkubwa hivi. Niliogopa sana. Nilidhani ndio mwisho wetu, na kwamba watu watasema tulikufa kwa umeme, wakati tulikufa kwa mchanga.

Chini kukawa kimya. Mkwe wangu alikuwa ameiacha pampu. Alisimama mbele ya koki ameishika, haigeuzi. Akaitazama, kisha akasema kana kwamba anaiambia yenyewe, "Nikifungua, atashuka. Akishuka, anaondoka."

Akaifungua.

Hewa yote ya siku ile ikatoka kwa pamoja. Taa za jengo ziliwaka zote mchana kweupe, hata zilizokuwa zimezimwa, redio zikaanza kuongea katikati ya habari, feni zikazunguka, pasi ya nesi ikatoa moshi. Na sisi tukashuka, taratibu, bila kutikisika, kwa sababu mkono ulioshika koki ulikuwa mkono wa fundi. Tukagusa chini. Binti yangu akachukua begi, akafungua mlango, akatoka.

Mumewe hakumzibia njia. Alimwambia, "Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa."

"Kweli ningekataa," binti yangu akasema.

"Najua. Ndiyo nasema."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya maana kutoka kwake tangu waanze kukata msingi. Madirisha yote yalikuwa yamejaa vichwa, na mwenyekiti anajikung'uta mchanga masikioni. Binti yangu akaliweka begi chini. Akamuuliza mumewe koki inageuzwa upande gani. Mumewe akamwonyesha. Binti yangu akamwambia aingie ndani ya nyumba.

"Lazima mtu awe chini," mkwe wangu akasema.

"Nipo."

Akaingia. Hakuwahi kupanda hata siku moja, yeye aliyebuni. Wingu lilikuwa limeondoka, kompresa ikanguruma, tukaanza kwenda juu, mimi na mkwe wangu, wawili peke yetu, kila mtu akitafuta pa kuweka macho kwa heshima. Alishika meza kwa mikono yote. Tulipopita ghorofa ya kwanza alisema kumbe inatikisika. Ghorofa ya pili akasema kumbe watu wote wanaona mpaka ndani. Ghorofa ya tatu nesi alimtazama bila kuitika salamu. Tulipokaribia paa akaanza kubadilisha miguu, akakaa, akasimama, mwishowe akaniuliza kwa aibu kubwa kuhusu choo.

"Kiko chini, mkwe wangu," nikamwambia. "Hakikuwa kizito vya kutosha."

"Sasa huwa mnafanyaje?"

"Tunangoja mtu awashe jiko."

Akainamisha kichwa. Mimi sikumwongezea, maana kuna mambo mtu akiyakalia mwenyewe yanamwingia kuliko kuhubiriwa. Tulikaa hivyo mchana wote. Nilimpa maharage achambue. Aliyachambua vizuri.

Jioni watu wakawasha taa zao, tena naona kwa fujo kidogo, wapo waliomhurumia. Tukashuka. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya mitambo, mkono juu ya koki, begi halijaondoka pale alipoliweka. Mkwe wangu alikimbilia alipokuwa akipahitaji. Aliporudi hakuigusa koki wala hakumwambia mkewe ampishe kwenye stuli. Alisimama mbele yake kama mpangaji mgeni.

"Kesho nani apande?" akauliza.

Binti yangu akamtazama kwa muda, kuona kama swali lile lina jibu lililofichwa ndani. Halikuwa nalo.

"Wewe," akasema. "Keshokutwa, mawe."

Kisha wote wawili wakanigeukia, na binti yangu akaniuliza, "Na wewe, mama? Unataka kupanda au ubaki chini?"

Nimelelewa kwa baba, nikapelekwa kwa mume, nikachukuliwa na mtoto, nikainuliwa kwa hewa na maji, na katika safari zote hizo swali hilo lilikuwa halijanifikia. Nikawaambia wanipe muda nifikirie.